Ndoa Ambayo Haijapata Mtoto Bado ni Ndoa



Mara nyingi kurasa kama hizi huzungumza juu ya malezi ya watoto: karo, nidhamu, sala za jioni na mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Leo tunawageukia ndugu zetu ambao wakisoma mambo hayo hufunga gazeti kimya kimya. Ni bwana na bibi waliofunga ndoa mbele ya altare, wameishi pamoja miaka mitatu, mitano, hata kumi, na hawajajaliwa mtoto. Wala si wachache. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 ulimwenguni hupatwa na tatizo la kukosa uzazi wakati fulani wa maisha yake. Basi wamo katika parokia yako. Wamo katika jumuiya yako. Huenda ni ninyi wenyewe.

Hapa kwetu uchungu huu una sura yake. Mwanamke akishazaa, haitwi tena kwa jina lake. Yeye ni Mama Fulani, na mumewe ni Baba Fulani. Yule ambaye hajazaa hubaki bila jina hilo, na kila salamu sokoni humkumbusha. Ukoo huanza kunong'ona. Mama mkwe huuliza, kwanza kwa mzaha, halafu kwa hasira. Siku ya akina mama kanisani, watoto wanapogawa maua, yeye hujifanya anatafuta kitabu chake cha nyimbo.

Katika hali hiyo bwana na bibi hupewa mashauri mengi: ya wazee, ya daktari, ya mganga, ya mhubiri. Yapi ni ya kufuata? Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili hutegemea ukweli mmoja, nao ni huu: mwenzi wako si chombo cha kupatia mtoto, na mtoto si chombo cha kuokolea ndoa. Kila mmoja wao ni mtu, naye hupokewa kama zawadi kutoka kwa Mungu. Mkiushika ukweli huu, mtaelewa kwa nini Kanisa linasema ndiyo mahali hapa na hapana mahali pale.

1. MLIAHIDIANA NINYI WAWILI

Kumbukeni siku ya arusi yenu. Mliahidi uaminifu katika raha na taabu, katika afya na maradhi, siku zote za maisha yenu. Je, mlisema "iwapo tutazaa"? Hata kidogo! Ni kweli padre aliwauliza kama mko tayari kuwapokea watoto kwa upendo kutoka kwa Mungu, nanyi mkakubali. Lakini mliahidi kuwapokea. Hamkuahidi kuwapata, kwa kuwa hakuna mwanadamu awezaye kuahidi jambo lililo mikononi mwa Mungu. Ndiyo maana swali hilo laweza kuachwa wanapooana wazee waliopita umri wa kuzaa, na hao pia wameoana kweli kweli.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, inasema wazi kwamba utasa hauizuii ndoa wala hauibatilishi. Nao Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya uzazi peke yake. Hata watoto wanaotamaniwa sana wakikosekana, ndoa hubaki ushirika wa maisha yote, na thamani yake na kifungo chake havipungui.

Msichanganye jambo hili na lingine. Watu wanaooana huku wamekwisha kukata shauri moyoni kwamba hawatapokea mtoto kamwe, hao wameikataa sehemu ya ndoa yenyewe. Lakini ninyi mliofungua mlango na mgeni hajafika, hamjakosa neno. Nanyi wachumba, ikiwa mmoja wenu ameambiwa na daktari kwamba hawezi kuzaa, amweleze mwenzake kabla ya arusi. Kumficha ili akubali ni hila, na kanuni ya 1098 inaonya kwamba hila juu ya jambo zito namna hii yaweza kuibatilisha ndoa.

2. UKOO UNAPOBISHA HODI

Fikirieni bwana mmoja ambaye wazee wamemwita nyumbani. Wanamwambia: "Mwanetu, jina la babu yako litapotea. Huyu mrudishe kwao, au umwache abaki na wewe utafute mwingine." Mwingine hushauriwa apate mtoto wa siri mjini. Katika baadhi ya jamii zetu mke asiyezaa huambiwa yeye mwenyewe "amwoe" msichana atakayezaa kwa niaba yake. Wazee wetu hawakubuni mambo haya kwa ubaya, maana walitaka nyumba isizimike. Lakini katika yote hayo mtu mmoja anatumiwa kama shamba, na mwingine anatupwa kama shamba lisilozaa.

Maandiko hayatufichi matokeo yake. Someni Mwanzo sura ya 16. Sara alimpa Abrahamu mjakazi wake Hajiri ili wapate mtoto kwa njia hiyo. Mtoto alipatikana, lakini amani ilitoka nyumbani, hata Hajiri akakimbilia jangwani akiwa mjamzito. Someni tena 1 Samweli sura ya 1. Elkana alikuwa na wake wawili, mmoja mwenye watoto na mmoja asiye nao. Kila mwaka safari ya kwenda kuabudu ikawa safari ya machozi kwa Hana, kwa sababu mke mwenzake alimchokoza.

Sheria ya nchi yetu nayo iko wazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya Kikristo kuwa ya mume mmoja na mke mmoja. Anayeongeza mke juu ya ndoa hiyo anaivunja ahadi yake mbele ya Mungu na pia sheria ya serikali.

Wewe bwana, kazi ya kusema na ukoo wako ni yako. Usimwachie mkeo ajitetee mbele ya mama yako. Keti na wazazi wako kwa heshima, uwaambie: "Baba, Mama, huyu ni mke wangu, niliahidi mbele ya Mungu. Jambo hili ni letu sote wawili. Tuombeeni, lakini msimguse." Maneno hayo machache, yakisemwa mapema na kwa upole, yameokoa nyumba nyingi. Nawe bibi, kama tatizo liko kwa mumeo, usiipeleke siri yake kwa dada zako. Aibu ya mwanamume katika jambo hili ni nzito, na wengi huificha katika pombe.

3. NENDENI HOSPITALI, TENA WOTE WAWILI

Kanisa halisemi mketi tu na kulia. Ugonjwa ni wa kutibiwa, na utasa mara nyingi ni matokeo ya ugonjwa. Madaktari hushauri kwamba bwana na bibi wakiishi pamoja miezi 12 bila kuzuia mimba, na mimba isipatikane, wakapimwe. Ikiwa mke amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi 6.

Wapimwe wote wawili. Ni kosa kubwa mke kuzunguka kliniki miaka minne, ilhali bwana hajakanyaga hata moja kwa kuwa anaamini mwanamume hawezi kuwa na dosari. Mwanamke aweza kuwa na mirija ya uzazi iliyoziba kutokana na kisonono, klamidia au maambukizo baada ya kujifungua au kuharibika kwa mimba. Aweza pia kuwa na uvimbe katika mji wa mimba, au mayai yasiyokomaa ipasavyo. Mwanamume aweza kuwa na mbegu chache au dhaifu, au mishipa iliyovimba kwenye korodani, au madhara ya matubwitubwi aliyougua akiwa kijana. Mengi ya hayo yana dawa au upasuaji.

Kanisa linapokea kwa furaha dawa za kusaidia yai likomae, upasuaji wa kufungua mirija, kutibu maambukizo na kuondoa uvimbe. Tiba hizi huuponya mwili ili tendo la ndoa liweze kuzaa lenyewe. Ifahamuni pia njia ya Billings. Wengi hudhani ni ya kupanga uzazi tu, kumbe husaidia pia kupata mimba. Mke hujifunza kutambua siku ambazo ute wa uzazi huwa mwangavu na wenye kuteleza kama ute wa yai bichi. Siku za kushika mimba katika kila mwezi ni takriban 6 tu, na wako wanaozikosa kwa kutozijua, hasa bwana anapofanya kazi mbali na kurudi nyumbani mara chache.

Jambo moja huwatatiza mabwana Wakatoliki: kupima mbegu za kiume. Mara nyingi hospitali humwambia mwanamume ajitoe mbegu peke yake chumbani, na Kanisa halikubali njia hiyo. Ipo njia nyingine. Mbegu zaweza kupatikana katika tendo lenyewe la ndoa, kwa kutumia mpira maalumu uliotobolewa ili njia ya uzazi isizibwe, na kiasi kinachobaki ndani yake hupelekwa kupimwa upesi. Mwombeni daktari bila haya.

4. MAHALI KANISA LINAPOSEMA HAPANA

Tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa huko Uingereza Louise Brown, mtoto wa kwanza ulimwenguni ambaye mimba yake ilitungwa nje ya mwili wa mama, katika chombo cha maabara. Hapa Kenya watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Leo matangazo ya kliniki hizo yako kila mahali, na wapo wanaouza shamba ili kulipia.

Kanisa lilitoa jibu lake mwaka 1987 katika hati iitwayo Donum Vitae, yaani Zawadi ya Uhai, na likalirudia mwaka 2008 katika hati Dignitas Personae. Jibu ni hapana. Mna haki ya kujua sababu zake.

Sababu ya kwanza ni mtoto mwenyewe. Mtoto anastahili kuwa tunda la kupeana kwa baba na mama, mwili na roho. Katika maabara anatoka katika kazi ya fundi. Anapimwa, anachaguliwa, anakubaliwa au anakataliwa kama kitu kilichoagizwa. Daktari aweza kulisaidia tendo la ndoa lifikie lengo lake, lakini hawezi kukalia mahali pake.

Sababu ya pili ni ndugu zake. Kwa kawaida hutungwa viinitete kadhaa. Kimoja au viwili huwekwa tumboni, na vingine hugandishwa katika baridi kali, hutupwa au hufanyiwa majaribio. Sisi tunaamini kwamba uhai wa mtu ni wa kuheshimiwa tangu kutungwa mimba. Wazazi wanaomlilia mtoto mmoja hawataki kuwapoteza wengine, lakini mara nyingi hakuna aliyewaeleza.

Sababu ya tatu ni ndoa. Zikitumiwa mbegu za mwanamume mwingine, au yai la mwanamke mwingine, au tumbo la kukodisha, mtu wa tatu ameingia katika ahadi ya watu wawili. Tazameni vema: ni Sara na Hajiri tena, ila safari hii wamevaa makoti meupe.

Najua wengine watasema: "Anayeandika haya hana mke, wala hajui kulala usiku ukisikia watoto wa jirani wakilia." Ni kweli, sijui. Sitawaambia kwamba hapana hii ni nyepesi, maana ni msalaba. Kanisa lenyewe linakiri kwamba hamu yenu ni njema na mateso yenu ni makubwa. Linachosema ni kwamba hakuna mwenye haki ya kumdai mtoto kama adaivyo mali, kwa sababu mtoto ni mtu kama sisi.

Na kama mmekwisha kupita njia hiyo? Mtoto wenu si dhambi. Ana sura ya Mungu kama mtoto mwingine yeyote. Mleteni abatizwe, mpendeni, wala asiwepo mtu wa kumnyooshea kidole. Ninyi njoni katika kitubio bila woga. Na ikiwa viko viinitete vyenu vilivyobaki kliniki, msitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kuzungumza na padre anayelielewa jambo hili.

5. SALA SI BIASHARA

Mtu aliyekata tamaa ni mawindo rahisi. Mganga atadai mbuzi, na mhubiri atadai "sadaka ya mbegu". Mwaka 2004 Wakenya walishangazwa na habari za "watoto wa miujiza", waliosemekana kuzaliwa kwa maombi ya ajabu. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba watoto waliopimwa hawakuwa wa wale waliojiita wazazi wao. Kwa hiyo mahali fulani palikuwa na mama mwingine anayewalilia.

Lakini hata sisi Wakatoliki twaweza kuigeuza sala kuwa biashara: nimefanya novena tisa, nimetoa nia ya Misa, mbona Mungu hajalipa? Mungu hana deni kwetu. Ni kweli Hana aliomba akampata Samweli, na Elisabeti alichukua mimba katika uzee wake. Lakini Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akapewa neema ya kuubeba (2 Wakorintho 12). Jibu hilo nalo lilikuwa jibu, wala hakuna anayeweza kusema kwamba Paulo hakuwa na imani.

Salini pamoja kila jioni, kwa maneno machache, mmeshikana mikono. Msiombe mtoto tu. Mshukuruni Mungu kwa mwenzi wako kwa jina lake. Katika Misa, mkate na divai vinapotolewa, wekeni altareni pia utupu wa nyumba yenu. Tarehe 26 Julai Kanisa huwakumbuka Watakatifu Yoakimu na Ana, ambao mapokeo ya kale husema walikaa muda mrefu bila mtoto kabla ya kumpata Bikira Maria. Ifanyeni siku hiyo kuwa yenu.

6. UPENDO WENU UNAWEZA KUZAA KWA NJIA NYINGINE

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1981, katika Familiaris Consortio, kwamba wenzi wasiojaliwa watoto wanaweza kuutumikia uhai kwa kupanga watoto, kwa kazi za malezi, kwa kuzisaidia familia nyingine, na kwa kuwahudumia watoto maskini au walemavu.

Kupanga mtoto ni jambo takatifu. Lifanyeni kwa njia halali, kupitia mashirika yaliyosajiliwa na mahakama, kama ielekezavyo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Kamwe msimnunue mtoto kichochoroni, hata kama mwuzaji ni muuguzi. Tena msipange mtoto ili kuwanyamazisha watu, wala kwa ile imani kwamba akija wa kupanga, wa kuzaa atafuata. Huyo naye atakuwa amefanywa chombo. Mpokeeni kwa ajili yake mwenyewe.

Mtazameni pia Akila na Prisila (Matendo 18; Waroma 16). Maandiko hayawataji watoto wao. Yanataja kazi yao ya kushona mahema, nyumba yao iliyokuwa kanisa, na jinsi walivyomfundisha Apolo na kumsaidia Paulo.

7. NENO KWA JUMUIYA

Ninyi mliojaliwa watoto, msiulize "mnangoja nini?" Msiwape majina ya waganga. Msimwambie mke asiyezaa kwamba ana nafasi ya kufagia kanisa kwa kuwa hana watoto. Mwiteni kwa jina lake la ubatizo kwa heshima. Mtakapomchagua msimamizi wa ubatizo wa mtoto wenu, mkumbukeni. Atakuwa mama wa huyo mtoto katika imani, wala si kwa kubahatisha maneno.

MASWALI YA KUZUNGUMZA WAWILI

1. Je, kuna siku nilikufanya ujione huna thamani kwa sababu hatujapata mtoto?
2. Nani katika ukoo wangu anahitaji kusikia neno kutoka kwangu mwenyewe?
3. Je, tumepimwa wote wawili? Ni nini kinachotuzuia?
4. Kama Mungu hatatujalia mtoto kamwe, tutafanya nini na upendo huu aliotupa?

Swali la nne ni gumu. Msilijibu usiku mmoja. Lakini siku mtakapoweza kulizungumza bila mmoja wenu kutoka chumbani, mtajua kwamba ndoa yenu imesimama.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetuunganisha, utufanye tutosheke kwa upendo wako. Ukitupa mtoto, tumpokee kama wako. Usipotupa, usituache tukaachana. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.